Ulibonyeza Mwenyewe

Sentensi hiyo ya maneno mawili niliitamka mimi. Niliitamka barazani kwa dada yangu, juu ya mji wa Lushoto, kando ya barabara iendayo Magamba, mbele ya wanawake kumi na mmoja walioketi kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam kwa basi la alfajiri, nikashuka Mombo, nikapanda gari dogo kupitia Soni. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba dereva alipiga honi katika kila kona. Niliitwa kwa sababu mimi ni mhadhiri, na katika familia zetu mhadhiri hudhaniwa kuyajua mambo yote yanayotumia umeme.

Kisa chenyewe ni hiki. Dada yangu ni mweka hazina wa kikoba cha wauza mboga, wanawake wanaopakia kabichi, karoti na hoho jioni ili zifike masoko ya Dar es Salaam kabla ya kupambazuka. Kikoba chao kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo hukaa kwa watu watatu tofauti, na anayelilaza sanduku nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Nitalirudia sanduku hilo baadaye. Kwa sasa itoshe kusema kwamba wakati wa masika, njia za milimani zinapoteleza na wengine hawawezi kufika kikaoni, walikubaliana kutuma michango kwa simu na kutangaziana katika kundi lao la WhatsApp.

Siku moja katika kundi hilo likaingia tangazo la mbolea ya ruzuku. Aliyelileta ni mwanachama mwenzao, mwanamke mwaminifu, naye alilipata kwa shemeji yake. Tangazo lilikuwa na linki, na linki ilifungua ukurasa wenye ngao ya taifa, Bibi na Bwana wamesimama kama kawaida yao. Ukurasa ulisema: bonyeza Ruhusu kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Dada yangu, ambaye kwa yakini si roboti, akabonyeza. Ukamwomba namba ya simu, akaandika. Ukamwonyesha herufi na tarakimu nane, ukamwambia kwamba muda si mrefu simu yake itamletea ujumbe, aufungue na kuzinakili humo ili apewe namba yake ya mkulima. Ujumbe ukaja kweli, tena kutoka WhatsApp yenyewe. Akanakili. Ukurasa ukamshukuru.

Alichokuwa amefanya, bila kujua, ni kuiunganisha akaunti yake ya WhatsApp na kompyuta ya mtu asiyemjua. Kwa siku mbili mtu huyo alisoma kila walichoandikiana: nani huchangia kiasi gani, mwenyekiti humwitaje katibu, dada yangu hupenda kumalizia ujumbe wake kwa neno gani. Siku ya tatu akaandika kwa jina lake, kwa lafudhi yake, kwamba ile namba ya siku zote ina tatizo na michango ya wiki hiyo itumwe kwenye namba nyingine. Wanawake saba walituma. Jumla ikawa shilingi 380,000.

Kabla sijafika, dada yangu alikuwa ameshakwenda kituo cha polisi akaandikiwa RB. Askari aliyempokea alimuuliza kama kuna mtu alimshika kidole. Nami nilipokwisha kusikiliza maelezo ya pande zote, nikakohoa kama wanavyokohoa watu waliosoma, nikasema: "Dada, hakuna mlango uliovunjwa hapa. Ulibonyeza mwenyewe." Wanawake wakaitikia kwa vichwa. Dada hakunijibu. Alikusanya vikombe vya chai, akaingia ndani. Mwezi uliofuata aliuza ndama wake akalipa deni lote.

Miezi mitano baadaye nilikuwa mbele ya darasa la mwaka wa pili, ukumbi umejaa, kompyuta yangu mpakato imeunganishwa na projekta. Nilikuwa nikizungumzia ridhaa ya watawaliwa. Ghafla pembeni mwa ukuta pakatokea kisanduku: kompyuta yako ina virusi 17. Nikakifunga. Kikaja cha pili, chenye picha ya mwanamke ambaye sitamweleza hapa. Kikaja cha tatu, kinaniahidi dawa ya nguvu. Kila nilichofunga kilizaa kingine. Wanafunzi walijizuia kwa adabu kwa muda wa kama sekunde nne, kisha ukumbi mzima ukaangua kicheko ambacho nadhani kilisikika hadi maktaba.

Baada ya kipindi, kijana mmoja anayesoma kompyuta, aliyekuja darasani kwangu kwa kusindikiza rafiki, akaniomba niikalie ile kompyuta yeye akisimama nyuma yangu. Heshima hiyo sijaisahau: hakuichukua mikononi mwangu. Akanielekeza kwenye mipangilio ya kivinjari, yaani ile programu tunayofungulia kurasa za intaneti, kisha kwenye sehemu ya arifa. Hapo palikuwa na orodha ya tovuti nilizoziruhusu kunitumia ujumbe wakati wowote. Nyingi sikuzitambua. Moja niliikumbuka: tovuti ambako nilikuwa nimetafuta nakala ya bure ya kitabu, nikabonyeza kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa "Pakua", na kabla ya hapo nikathibitisha kwamba mimi si roboti.

Akaniuliza, "Prof, ulibonyeza mwenyewe?" Aliuliza bila dhihaka, kama tabibu anavyouliza mgonjwa alikula nini. Lakini sentensi ile niliitambua, na nilihisi joto masikioni.

Nikamtaka anifundishe. Aliniambia kwamba hila hizi ni ukoo mmoja wenye vizazi vingi, na kwamba babu yao ana jina la Kiingereza ambalo kwa Kiswahili tungeweza kuliita utekaji wa mbofyo. (Neno utekaji limekuwa zito mno nchini mwetu kulitumia kwa jambo dogo, lakini sikupata jingine.) Ili anielewe, nilimtafutia mfano kutoka ofisini. Mtumishi wa umma aliyewahi kushika kitabu cha stakabadhi anaijua karatasi ya kaboni. Unaandika juu, maandishi yanapita mpaka chini. Sasa fikiria umewekewa mbele yako fomu ya kupokea posho ya safari, na chini ya fomu kuna kaboni, na chini ya kaboni kuna hati ya kuuza shamba lako ambayo hukuonyeshwa. Unasaini posho. Shamba limekwenda. Saini ni yako, wino ni wako, hakuna aliyeighushi.

Kijana akasema mfano ni mzuri, ila mpangilio wake ugeuzwe. Katika utekaji wa mbofyo hati halisi huwekwa juu, lakini hufanywa iwe angavu kama kioo safi, isionekane kabisa. Chini yake huwekwa picha ya kuvutia: video ya goli, matokeo ya mtihani, zawadi. Jicho linaona kilicho chini, kidole kinagusa kilicho juu. Unadhani umebonyeza ili video icheze, kumbe umebonyeza kitufe cha "Kubali" katika ukurasa mwingine ambao ulikuwa umeshaingia kwa jina lako na nywila yako. Ukurasa ule, kwa upande wake, umepokea mbofyo halali kutoka kwa mwenye akaunti. Hauna sababu ya kushuku.

Jambo hili si geni. Walioliita jina mwaka 2008 ni wataalamu wawili wa Marekani, Robert Hansen na Jeremiah Grossman. Walikuwa watoe mhadhara kulihusu katika mkutano wa usalama wa mitandao jijini New York, wakauahirisha kwa ombi la kampuni ya Adobe, kwa kuwa hila hiyo iliweza kumfanya mtu awashe kamera na maikrofoni ya kompyuta yake kupitia programu ya Flash huku akidhani anacheza mchezo. Mwaka 2009 Microsoft ikaweka dawa katika kivinjari chake: mwenye tovuti aliweza kutoa amri ya mstari mmoja kwamba ukurasa wake usiruhusiwe kufunguliwa ndani ya ukurasa wa mtu mwingine. Vivinjari vingine vikafuata. Watapeli nao hawakulala. Mwishoni mwa 2024 mtafiti Paulos Yibelo alieleza hila mpya inayomtaka mtu abofye mara mbili: mbofyo wa kwanza huondoa dirisha la juu, wa pili huangukia kitufe cha dirisha lililokuwa limejificha, na yote hayo hutokea katika kipande cha sekunde ambacho mkono wa binadamu hauwezi kujizuia.

Ndugu msomaji, soma tena habari ya mstari mmoja. Mwenye kuandika mstari huo ni mwenye tovuti. Mimi na dada yangu hatuwezi kuuandika, hatuwezi kuuona ukikosekana, wala hakuna semina ya siku mbili itakayotuwezesha kukiona kioo ambacho kimetengenezwa kisionekane. Aliyejenga ukurasa ndiye mwenye uwezo wa kuufunga. Aliyebonyeza ndiye anayelaumiwa.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Mangungo.

Kila aliyesoma historia katika shule za Tanzania anamjua Mangungo wa Msovero, huko Usagara, ambaye mwezi Novemba 1884 aliweka alama yake kwenye karatasi ya Karl Peters. Peters alikuwa kijana wa miaka 28 aliyeivuka bahari kutoka Zanzibar akiwa na lundo la fomu zilizoandikwa Kijerumani. Alikusanya alama za namna hiyo Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, akarudi nazo Berlin, na tarehe 27 Februari 1885 Kaiser akatoa hati ya ulinzi kwa kampuni yake. Yaliyofuata yalifika hadi huku milimani. Mji huu wa Lushoto wenyewe Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Shuleni tulifundishwa kuiita mikataba ya kilaghai, na hapo walimu wetu walikuwa sahihi. Lakini angalia tulivyolifanya jina la Mangungo. Kila mara inapozuka mijadala ya mikataba ya madini au bandari, mtu humwita mwenzake Mangungo, maana yake mjinga aliyeuza nchi kwa shanga. Nami nimewahi kuandika hivyo, katika safu hii hii.

Sasa najiuliza tumemwachaje Peters apite. Mangungo aliambiwa jambo moja na karatasi ikasema jingine, katika lugha ambayo hakuijua, chini ya utaratibu wa kisheria ambao hakuwahi kuusikia. Alichokiona ni urafiki na zawadi. Alichokigusa ni mamlaka juu ya ardhi. Jicho chini, kidole juu. Huko Berlin swali halikuwa mzee yule alielezwa nini. Swali lilikuwa kama alama ipo. Alama ilikuwepo. Zaidi ya miaka 140 baadaye, wajukuu zake tunasimulia kisa hiki kana kwamba kosa kuu lilikuwa kidole.

Sitaki kulivuta fananisho hili kupita kiasi. Wizi wa shilingi 380,000 si ukoloni, na dada yangu angecheka kuambiwa yeye ni mtemi. Ninachotaka kionekane ni hesabu ya lawama, ambayo haijabadilika. Mwenye nguvu hutengeneza mazingira ya ridhaa. Asiye na nguvu hutoa ridhaa. Ridhaa ikishatolewa, mazingira hayazungumzwi tena.

Hata kampeni zetu njema huteleza humo. Mwaka 2024 Wizara, Mamlaka ya Mawasiliano, kampuni za simu na Polisi walizindua kampeni dhidi ya utapeli wa mtandaoni iitwayo Sitapeliki. Nia yake siishuku, na elimu waliyoitoa imewasaidia wengi. Ila mimi ni mtu wa maneno, na neno hilo lilinisumbua. Mtu akitapeliwa, kitenzi kinadai mtendaji: ametapeliwa na nani? Hiyo ndiyo kauli ya kutendwa. Lakini "kutapelika" ni kauli ya kutendeka, kama kuvunjika kwa kikombe au kupotea kwa njia, haimuulizi mtu. Tapeli ametoweka katika sarufi. Ameondoka pia mwenye mtandao, mwenye tovuti, mwenye benki. Imebaki nafsi ya kwanza umoja, mimi peke yangu, nikiahidi kwamba sitapeliki, na siku nikitapelika nitakuwa nimevunja ahadi yangu mwenyewe.

Nilimweleza hayo yule kijana wa kompyuta. Akanisikiliza kwa subira, kisha akasema, "Sawa Prof, lakini bado inabidi tuisafishe mashine yako." Alikuwa na haki. Kudai haki hakumzuii mtu kufunga mlango usiku. Basi nitaandika hapa alichonifundisha, kwa kuwa najua wengi wenu mna kompyuta zilizo katika hali kama iliyokuwa yangu.

Kwanza ni arifa. Katika Chrome ya simu, bonyeza nukta tatu zilizo juu, ingia kwenye mipangilio, kisha mipangilio ya tovuti, kisha arifa, na uiondoe kila tovuti usiyoikumbuka. Hapo hapo unaweza kuzima kabisa maombi ya arifa. Mimi nimezima, na sijakosa habari yoyote ya maana. Kumbuka pia kwamba uthibitisho wa kweli wa kutokuwa roboti hautaki kamwe ruhusa ya arifa. Hautaki namba ya kuunganisha kifaa, wala haukutaki ufungue dirisha la amri katika Windows na kubandika maneno usiyoyaelewa. Hila hii ya mwisho imeenea sana siku hizi katika kompyuta za maofisini, na anayeifuata huwa ameiendesha programu ya mwizi kwa mikono yake.

Kisha usasishe kivinjari kila kinapodai. Zamani nilidhani ni usumbufu wa kula bando. Kumbe baadhi ya kinga huingia kimyakimya kwa njia hiyo: kuanzia 2020, kwa mfano, Chrome ilianza kuzuia alama nyingi za utambulisho wako zisitumwe pale ukurasa unapofunguliwa ndani ya ukurasa wa mtu mwingine, na hilo peke yake liliudhoofisha sana utekaji wa mbofyo wa kizazi cha kwanza. Kioo kisichokutambua hakiwezi kusaini kwa jina lako. Kwa sababu hiyo hiyo, ukimaliza kazi katika mfumo wa ofisi au wa benki, toka kabisa. Usifunge dirisha tu. Mimi sasa natumia vivinjari viwili. Kimoja ni cha fedha na mifumo ya serikali, na humo sitafuti kitabu wala mpira; kingine ni cha kuzurura. Katika kile cha kuzurura, ambacho ni Firefox, nimeweka kizuia matangazo kiitwacho uBlock Origin, ambacho hukubali hata kwenye simu. Matangazo mengi ya vitufe bandia vya "Pakua" yalitoweka siku hiyo hiyo.

Na anwani za mifumo muhimu ziandike mwenyewe, herufi kwa herufi, hadi kwenye mwisho wa .go.tz, badala ya kufuata linki, hata iwe imeletwa na shemeji. Wanafunzi wanaosubiri mikopo na wahitimu wanaosubiri ajira wananielewa. Wao ndio wanaowindwa zaidi, kwa kuwa mwenye kusubiri hubonyeza upesi. Katika WhatsApp, ingia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa uone kama kuna usichokijua, na kama kipo kiondoe. Namba iliyotumika kuwatapeli watu itumwe 15040.

Hayo ndiyo ya kidole. Yaliyobaki si ya kidole.

Watumishi wenzangu mnaosimamia mifumo ya taasisi: ule mstari mmoja umeandikwa katika tovuti yenu? Muulizeni mtaalamu wenu kesho asubuhi. Jibu halichukui dakika tano. Kitufe kinachohamisha fedha, kinachobadili namba ya simu ya mhusika au kinachotoa ruhusa kwa mtu wa tatu kinadai uthibitisho wa pili, au kimekaa wazi kikisubiri kidole chochote? Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayomwadhibu tapeli akikamatwa. Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo inazungumzia ridhaa na wajibu wa anayezikusanya taarifa. Ningependa kuona siku moja mlalamikaji anauliza mbele ya Tume, au mbele ya hakimu aliyefunzwa hapa hapa Lushoto katika Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kwamba mbofyo uliopatikana kwa kuficha kinachobofywa una tofauti gani na saini iliyopatikana kwa kaboni. Nadhani tunalijua jibu kwa upande wa karatasi. Kwa upande wa skrini bado tunamuuliza mama kama kuna mtu alimshika kidole.

Hapa nalirudia lile sanduku. Wanawake wa kikoba kile wengi wao waliishia darasa la saba, lakini walilijenga sanduku lao kwa busara ambayo wahandisi wa mifumo mingi hawajaifikia. Halimtaki mweka hazina awe mwerevu kila siku. Halimtaki mwenye ufunguo awe malaika. Linajua kwamba mtu huchoka, hutishwa, hupendelea mume wake, hudanganywa. Kwa hiyo limehakikisha kwamba kosa la mtu mmoja haliwezi kulifungua. Kosa lao, kama lilikuwepo, lilikuwa kuhamisha fedha kutoka kwenye kitu chenye kufuli tatu kwenda kwenye kitu chenye kidole kimoja. Na walilazimishwa na tope.

Nilirudi Lushoto Desemba. Nilimkuta dada yangu anachambua plamu kwenye beseni. Nilimwambia kilichonipata ukumbini, pamoja na yule mwanamke wa kwenye ukuta. Alicheka mpaka akaweka beseni chini.

"Na wewe ulilipa shilingi ngapi?" akauliza.

"Hakuna."

"Mimi nililipa ndama."

Hakuisema kwa uchungu. Tulikuwa tumebonyeza kitufe kile kile, kilichoandikwa maneno yale yale. Mimi nililipa kwa kicheko cha wanafunzi, na jioni ile mshahara wangu ulikuwa salama benki. Simu yake ndiyo kompyuta yake, benki yake, ofisi ya mbolea na daftari la kikoba, vyote katika kioo cha upana wa kiganja, ambapo alama ya kufungia tangazo ni ndogo kuliko punje ya mchele na kidole kilichozoea jembe hakiwezi kuigusa bila kugusa tangazo lenyewe. Aliniachia simu. Katika orodha ya arifa nilikuta tovuti tisa. Nilifanya kama nilivyofanyiwa: nilisimama nyuma yake, yeye akaziondoa moja moja, akizisoma majina kwa sauti kama anayeita mahudhurio.

Kisha nikamwomba radhi. Akasema radhi hiyo haikutolewa alikotukanwa.

Kwa hiyo Jumamosi nilikwenda kikaoni. Mabenchi yalikuwa yale yale. Nilikuta wameshajiwekea sharti jipya bila kumsubiri msomi: michango ikitumwa kwa simu, namba mpya haikubaliwi mpaka viongozi wawili waitangaze kwa sauti zao, kwa kupiga simu, si kwa maandishi. Ni kufuli mbili badala ya tatu, akaniambia mwenyekiti, lakini kwa masika zitatosha. Nikasimama nikaeleza kwamba mwezi ule nilikosea. Kwamba yule mtu alijenga mlango uliofanana na ukuta, na dada yangu aliuegemea kama ambavyo yeyote kati yetu angeuegemea, na mimi mwenyewe niliuegemea nikiwa na shahada tatu. Yule mwanachama aliyeileta linki, ambaye kumbe alikuwa hajasema neno kikaoni tangu siku ile, akaanza kulia.

Katibu alisubiri anyamaze. Halafu akafungua katiba yao, daftari la kaunta lenye jalada la bluu, akasoma kifungu cha kumvunjia heshima kiongozi mbele ya wanachama. Faini yake ni shilingi 2,000. Nilipojitetea kwamba mimi si mwanachama, mwenyekiti akasema siku ile nilizungumza kama mwanachama. Nikatoa noti. Wenye funguo wakaja mbele mmoja mmoja, kila mmoja akafungua kufuli yake, fedha ikaingia, na katibu akaliandika jina langu.